Harage la Pole: Namna ya Kuweka Alama za Ludo Nyumbani

Desemba moja nyumba yetu hapa Kasulu ilijaa ndugu, wengine wametoka Dar es Salaam, wengine Mwanza, na mvua ikanyesha siku tano bila kuachia. Shambani hakukuendeka. Jioni, tukishamaliza ugali wa muhogo na maharage, tulitandika jamvi, tukafunua ubao wa ludo, na mtoto wa shangazi, kijana wa kidato cha tatu, akajitolea kuwa karani. Aliandika vizuri kwelikweli, mistari kainyoosha kwa rula. Usiku wa nne tukataka kujua nani anaongoza. Tulipofungua daftari tukakuta: Nyekundu 0, Bluu 12, Kijani 88, Njano 31. Usiku wa pili vilevile, rangi na namba. Na rangi tulikuwa tukibadilishana kila usiku.

Baba mdogo aliapa kwamba nyekundu ya usiku wa kwanza ilikuwa yake. Shemeji naye aliapa ni yake, akataja hata mahali alipokuwa ameketi. Sidhani kama yupo aliyedanganya. Kila mmoja aliukumbuka ushindi wake na kuusahau wa mwenzake. Lakini baba mdogo alilala amenuna, watoto wakamwona, na usiku wa tano hakuna aliyeufunua ubao.

Ninaandika haya kwa ajili ya usiku ule wa tano. Nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo zina ubao wa ludo: wa karatasi ulionunuliwa gulioni, au wa mbao uliotengenezwa na fundi seremala na kufunikwa kioo, au uliochorwa kwa kalamu juu ya boksi, kete zikiwa vifuniko vya soda. Mchezo huu unakutanisha bibi na mjukuu kwenye jamvi moja, na ni michezo michache inayoweza hivyo. Nimeona mara nyingi ukivunjika, na dadu wala haikuwa na kosa. Ulivunjwa na alama.

Ludo yenyewe haina alama. Anayefikisha kete zake nne katikati kabla ya wenzake ndiye mshindi, basi. Kwa watu wawili wanaopoteza nusu saa hiyo inatosha. Kwa familia inayocheza likizo nzima haitoshi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya baba mdogo: kesho hakuna kumbukumbu inayoaminika. Ya pili ni nzito zaidi. Mmoja akishamaliza, waliobaki wanarusha dadu kwa ajili ya nini? Mtoto wa miaka saba mwenye kete tatu ambazo bado ziko ndani anajua fika kwamba hatashinda. Ataanza kuchezea kete za wenzake, atasinzia, au atalia. Alama nzuri ni ile inayompa aliye nyuma kitu cha kupigania mpaka dadu ya mwisho. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Nilijifunza hili Kibondo kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye hakujua kusoma wala kuandika na hakuhitaji daftari. Alikuwa na kopo la maharage makavu na sahani ndogo moja kwa kila mchezaji. Kete ikifika katikati, mwenyewe anapewa maharage matano. Anayemaliza kete zote nne wa kwanza anaongezewa matatu. Na kete yako ikiliwa na kurudishwa ndani, wewe uliyeliwa, si aliyekula, unapewa harage moja. Aliliita harage la pole.

Nilipokuwa mdogo niliona ni huruma ya bibi tu. Sasa naona alikuwa mtu wa hesabu. Nyumba nyingi humpa alama anayekula, na matokeo yake nimeyaona: wakubwa wanaacha safari zao na kuwinda kete za mdogo kuliko wote, kwa sababu ndiye asiyejua kujificha. Kwa bibi, kula kulibaki na faida yake, maana unamrudisha mpinzani nyuma, lakini hakukuwa biashara. Wala hakuna aliyejitegesha aliwe ili apate harage, kwa kuwa kete iliyotembea hatua 40 ina thamani kubwa kuliko harage moja. Mtoto aliyeliwa mara tano jioni moja alikuwa na maharage matano kwenye sahani yake, sawa na kete moja iliyofika. Alikuwa bado mchezoni.

Alikuwa na kanuni nyingine ambayo nawasihi muichukue. Mmoja akimaliza, mchezo hausimami palepale. Kila aliyebaki anapewa zamu tano za mwisho. Kila kete ina maharage matano, kwa hiyo zamu hizo zilikuwa za kelele kuliko zote. Nimewahi kumwona mjomba, mtu mzima mwenye wajukuu, akisimama wima kwenye zamu ya tano kwa sababu kete yake ilibakiza tatu na dadu ikatoa tatu.

Hesabu ya kopo ni rahisi. Wachezaji wanne wana kete 16, kwa hiyo haziwezi kutoka zaidi ya maharage 80, na matatu ya mshindi, ukiacha ya pole. Weka maharage 150 na hutapungukiwa. Yahesabu kabla ya mchezo na baada yake. Maharage yana uzuri ambao kalamu haina: aliyeko upande wa pili wa jamvi anaona sahani ya kila mtu bila kumuuliza karani, na asiyejua kusoma yuko sawa na mwalimu.

Kwa watu wazima na vijana waliozoea hesabu iko njia nyingine, ya kuhesabu hatua zilizobaki. Hii ndiyo karani wetu alikuwa akiitumia, na kwa yenyewe ni njia safi. Mmoja akimaliza, kila mwingine anahesabu kete zake zimebakiza hatua ngapi kufika katikati, anajumlisha, na mwenye jumla ndogo baada ya michezo yote ndiye anayeongoza. Mshindi wa mchezo anaandikiwa sifuri.

Watu huikimbia kwa sababu kuhesabu vijumba kwa kidole kunachosha na kunazua ubishi. Njia ya mkato ipo kwenye ubao wenyewe. Mzunguko wa nje una vijumba 52. Kete yako haivikanyagi vyote, kwani inaingia kwenye njia ya rangi yake kabla ya kukirudia kijumba ilichotokea. Ukihesabu kuanzia kutoka ndani mpaka katikati kabisa, safari nzima ni hatua 57. Kete ambayo haijatoka iandikie 57. Kete iliyo kwenye kijumba cha kutokea imebakiza 56. Vijumba vya kutokea vimeachana kwa hatua 13, kwa hiyo kete iliyo kwenye kijumba cha kutokea cha rangi inayofuata imebakiza 43, cha rangi ya tatu 30, na cha rangi ya mwisho 17. Shika namba nne: 56, 43, 30, 17. Kete yako ikiwa vijumba viwili mbele ya kile cha 30, imebakiza 28, na hakuna haja ya kugusa ubao.

Ziandike namba hizo ndani ya jalada la daftari. Mimi nilimwomba fundi azichonge pembeni mwa ubao wetu, na tangu hapo mtoto wa darasa la nne anahesabu haraka kuliko mimi.

Chukua mfano wa usiku ule wa kwanza: aliyeandikiwa 88 alikuwa na kete mbili zilizofika, moja iliyobakiza 31, na moja ambayo haikuwahi kutoka, 57. Thelathini na moja na hamsini na saba ni themanini na nane. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jina.

Basi daftari. Andika majina ya watu juu, safu moja kwa kila mtu, na usiandike rangi badala ya jina hata siku moja. Kama mnataka kukumbuka nani alikuwa na rangi gani, iandikeni pembeni kwa herufi ndogo. Andika tarehe. Halafu chini ya alama za usiku huo andika jumla mpya, palepale, si kesho. Karani asome jumla ya jana kwa sauti, aongeze ya leo kwa sauti, kila mtu asikie jina lake na namba yake kabla ya kete kukusanywa. Mwenye pingamizi aseme wakati kete bado ziko ubaoni, maana zikishakusanywa ushahidi umekwenda. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili namba ya zamani iendelee kusomeka, andika sahihi pembeni, na aliyehusika aone. Namba iliyofutwa kwa raba au kutiwa wino mpaka haisomeki ndiyo inayomkosesha mtu usingizi.

Karani awe nani? Kwa kawaida tunamchagua mwenye mwandiko mzuri. Mimi nashauri umpe kazi hiyo mtoto anayejifunza kujumlisha, na mtu mzima akae ubavuni kwake, na kazi izunguke kila usiku. Kuna faida ya hesabu hapo, bila shaka, lakini nyingine naithamini zaidi: mtoto aliyeandika alama za baba yake aliyeshindwa, mbele ya baba yake, na baba akasema "sawa, karani, endelea," amejifunza kuwa namba haimwogopi mkubwa.

Hapa nina neno kwa wazazi, na nalisema kwa moyo wote. Msipike alama ili kumfurahisha mtoto. Najua mnafanya kwa upendo. Mnamwongezea mbili, mnajifanya hamkuona alipohesabu kijumba kimoja mara mbili. Watoto wanajua, na wakijua wanaacha kuliamini daftari lote, pamoja na usiku waliposhinda kweli. Ukitaka kumsaidia mdogo, msaidie hadharani kabla ya dadu ya kwanza: kete yake moja ianze ikiwa imeshatoka, au aanze na maharage matano kwenye sahani. Mwandikie msaada huo daftarini. Siku atakapouona mwenyewe na kusema hautaki tena, mtafurahi nyote.

Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe wa kanuni, kwa sababu alama bila kanuni zilizokubaliwa ni mwanzo wa kesi. Kila ukoo una ludo yake. Wapo wanaotoka kwa sita tu na wapo wanaoruhusu na moja. Wengine wakipata sita tatu mfululizo wanapoteza zamu; kwingine wanaendelea tu. Kete mbili za rangi moja zikikaa pamoja, je, ni ukuta usiopitika? Dadu ikiruka nje ya jamvi inarushwa upya au inahesabiwa? Kufika katikati kunataka namba kamili au ikizidi ni sawa? Hili la mwisho linagusa alama moja kwa moja: kwa kanuni ya namba kamili, kete iliyobakiza hatua moja inaweza kukaa hapo zamu nyingi ikisubiri moja, ambayo ina nafasi moja katika sita kila ukirusha.

Sisi wa nyanda hizi tuna sababu ya ziada ya kuuliza mapema. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, mpaka wa Burundi uko karibu, na ndugu zetu wameoa na kuolewa huku na huko. Mgeni anaketi na kanuni za kwao moyoni akidhani ndizo za dunia nzima. Uganda, kwa mfano, wengi huchezea dadu mbili kwa pamoja, na mchezo hubadilika kabisa: nafasi ya kuona sita angalau moja ni 11 kati ya 36, karibu mara mbili ya ile ya dadu moja. Mgeni huyo asomewe ukurasa wa kwanza kwa upole, aulizwe kwao ikoje, na kama kanuni yake inapendeza ichezwe usiku mzima, ila isibadilishwe katikati ya mchezo.

Niseme pia juu ya dadu, kwa sababu alama zote zinasimama juu yake. Pande zinazotazamana za dadu nzuri hujumlika kuwa saba: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Hilo ni la kuangalia kwa jicho tu na halitoshi. Dadu za kuchonga nyumbani, na hata za plastiki zilizosagika kona, huelemea upande. Mpe mtoto airushe mara 60 na kuchora mstari kwa kila namba. Kila upande unatarajiwa kuja kama mara kumi. Nane au kumi na tatu si tatizo. Sita ikija mara ishirini, dadu hiyo itupwe, hata kama imekaa nyumbani miaka mingi.

Na dadu nzuri pia inatesa. Wengi humpa mtu ambaye kete zake zote ziko ndani nafasi tatu za kutafuta sita. Hata hivyo, kukosa sita mara zote tatu hutokea mara 125 kati ya 216, yaani zaidi ya nusu. Mwambieni mtoto hivyo anapoanza kusema ana mkosi au kwamba kuna mtu kamloga. Mimi nilidhani hivyo nikiwa na miaka tisa, na hakuna aliyenionyesha hesabu.

Watu wa kale waliujua uzito wa alama kiasi cha kuipa michezo yao majina yake. Ludo imetokana na mchezo wa Kihindi uitwao pachisi, na neno hilo linatokana na ishirini na tano, namba ya juu waliyoweza kupata wakirusha makombe ya kauri mahali pa dadu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza Alfred Collier akausajili kwa jina la Kilatini, Ludo, yaani "nacheza". Na huku mwambao, wazee wa karata wana wahedi wa sitini, yaani sitini na moja: alama zote ni 120, na mwenye 61 ameshinda. Jina la mchezo ndiyo hesabu yake.

Kuhusu fedha, msichanganye. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na hata pasipo sheria, shilingi mia ikishawekwa kwenye jamvi bibi atanyanyuka. Kwetu anayeongoza Jumamosi usiku ndiye anayechagua kitoweo cha Jumapili, dagaa au kuku, na hiyo imetosha kuwafanya watu wazima wahesabu vijumba kwa makini. Pia kuna nyumba ambazo hazigusi dadu kwa ajili ya imani, za Waislamu na za Wakristo. Mgeni wa nyumba hiyo asibembelezwe wala asifanywe karani kwa nguvu. Toeni bao au drafti, mcheze naye hayo.

La mwisho ni la mchezo uliokatika. Kumaliza kete nne ni hatua 224 baada ya kutoka, na dadu kwa wastani hutoa tatu na nusu, kwa hiyo mtu anahitaji kurusha mara 64 hivi hata kama hakuliwa kamwe. Kwa watu wanne, pamoja na kusubiri sita, huo ni usiku mzima, na watoto watasinzia au tochi itaisha betri. Watu hukusanya kete na kuacha, na aliyekuwa anaongoza hubaki na kinyongo. Si lazima. Kwa zile namba nne mnaweza kuuhifadhi mchezo kwenye mstari mmoja wa daftari: andika jina, rangi, na hatua zilizobaki za kila kete, kisha zamu ilikuwa ya nani. Bibi, kijani, 43, 28, 57, imefika. Baba mdogo, nyekundu, 17, 9, 57, 57. Zamu ni ya bibi. Kesho jioni mnahesabu kurudi nyuma kutoka katikati, mnaweka kila kete mahali pake, na bibi anarusha.